Mitego Saba ya Fundi Polepole

Baba Mdogo aliingia dukani saa nne asubuhi bila kuvua kofia yake ya kazi, akaweka juu ya meza ya spana kitu kilichofungwa kwenye gazeti. Hakusalimia. Na huyu ni mtu ambaye siku zote akifika pale mlangoni lazima aanze na lake: "Spoki, umekula leo, au upepo ukivuma tuanze kukutafuta?" Siku hiyo hakuna.

"Fungua," alisema.

Spoki alijifuta grisi kwenye kanga kuukuu aliyojifunga kiunoni. Alikuwa binti wa miaka ishirini na minne, mwembamba kama jina lake la utani, na tangu amalize darasa la saba maisha yake yalikuwa pale pale, kati ya jiliwa la kubania vyuma, pampu na ndoo ya maji ya kutafutia pancha. Duka lilikuwa la baba yake. Watu walimwita Fundi Polepole, kwa sababu baiskeli ikiingia kwake Jumatatu umwombe Mungu uione Ijumaa. Lakini ikitoka, imetoka.

Ndani ya gazeti mlikuwa na kipande cha waya wa breki, kirefu kama mkono, kimejikunja kama nyoka aliyepigwa. Kilikuwa na kutu, na juu ya kutu kitu cheusi kilichogandia.

"Kimetoka mguuni mwa yule nyati aliyemuua Mama Mafagio," Baba Mdogo alisema. "Juu ya kwato. Kimezama mpaka kwenye mfupa. Tulipompiga risasi jana mguu wote ulikuwa umeoza, funza wanatembea. Amekaa nacho wiki mbili huyo. Mnyama mwenye maumivu ya namna ile akili hana tena, kila anachokiona ni adui." Akagusa gazeti kwa kidole. "Mama Mafagio hakumfanya kitu. Alikuwa ameinama anakata majani yake ya kufungia mafagio."

Spoki aligeukia ukutani. Baiskeli ya Mama Mafagio ilikuwa imeegemea ukuta nyuma yake, kiraka kimeshakauka, tairi limejaa upepo. Mwenyewe aliileta Jumamosi, akacheka vile anavyocheka, mabega yote yakitingishika, akasema, "Mkwe wangu, ukinichelewesha kama baba yako nitakufagia na duka lako." Wanawe wote walikuwa wameshaoa, lakini aliendelea kumwita Spoki mkwe wake. Jumatatu akaenda porini kwa miguu. Jumanne wakamzika.

"Wewe unajua waya kuliko sisi wote pale kituoni," Baba Mdogo akaendelea. Alikuwa askari wa wanyamapori mwaka wa kumi na nane. "Nitazamie. Wa nini huu, na nani anaukata hivi?"

Spoki akauinua. Ncha moja ilikuwa imekatika kwa kuvutwa, nyuzi zimetawanyika kama nywele za mtu aliyetoka usingizini. Ncha ya pili ilikuwa na kishanga cha lehemu, kidogo, cha mviringo, laini.

Mtu akikata waya wa breki, nyuzi zinafumuka. Mafundi wengine wanaziminya na koleo, basi, mteja akidungwa kidole ni shauri yake. Katika mji mzima duka lililodondosha lehemu kwenye ncha, kisha likaipiga tupa mpaka ikawa kama ushanga, lilikuwa moja. "Kazi isiyo na mwisho mzuri si kazi," baba yake alimfundisha hivyo akiwa na miaka kumi na mitano. Na miaka hii mitatu, tangu macho ya mzee yaanze ukungu, vishanga vyote alivitia Spoki. Alikitambua kile kama mshonaji anavyotambua mshono wake juu ya mgongo wa mtu anayepita.

"Wa breki," alisema. "Unauzwa kila mahali."

"Na hicho kidude cha mwisho?"

"Mafundi wengi wanatia."

Baba Mdogo alimtazama. Si sana, kiasi cha mtu kuvuta pumzi mbili. Kisha akaukunja waya ndani ya gazeti, taratibu, kona kwa kona.

"Haya. Kobe tumeshamkamata. Ijumaa anapanda mahakamani, na safari hii hachomoki. Kuna mtu amekufa." Akatoka.

Kobe alijulikana. Mzee wa mitego, mtu wa kuuza nyama kwa magunia, ameshafungwa mara mbili na mara mbili alitoka akarudi kazini kwake kama mtu aliyetoka likizo. Hakuna mtu ambaye angemlilia. Spoki alijaribu kujituliza kwa wazo hilo mpaka adhuhuri, na kila akilishika lilimponyoka.

Kwa maana nyumbani kwao nyama ya porini ililiwa. Haikuitwa hivyo. Iliitwa "ile," kama vile, "Ile bado ipo, ipashe moto." Fundi Polepole alikuwa na mitego saba, haikuzidi wala haikupungua, na alikuwa na sheria zake. Hauzi hata pande moja. Hatumii bunduki. Mtego unatembelewa kila alfajiri, maana mnyama kukaa kitanzini mpaka mchana ni dhambi, na nyama kuoza ni dhambi kubwa zaidi. Fundi alimwita Kobe mchinjaji. Yeye mwenyewe alijiona mtu anayechuma mboga nyuma ya nyumba. "Mimi sichukui," alikuwa akisema, "mimi naonja." Watu walicheka. Baba Mdogo, ndugu yake wa tumbo moja, alikuja kula kila Jumapili, akavua kofia, akanawa, akasifu mchuzi, na kofia ile ikakaa juu ya kiti cha pembeni kama mgeni mwingine asiyekula.

Kisha, wiki sita zilizopita, Fundi alianguka pale penye jiliwa. Kiharusi. Upande wa kulia ukafa wote, ulimi ukawa mzito, maneno yakageuka mlio. Wakamleta nyumbani, wakamlaza chumba cha mbele penye hewa, na Spoki akawa fundi, muuguzi na mgeuzaji.

Alfajiri ya kwanza tu mzee aliinua mkono wa kushoto akaonyesha dirisha. Spoki akafungua dirisha. Mzee akapiga godoro. Labda baridi, Spoki akafunga. Mzee akalia. Ikawa hivyo kila alfajiri: mkono, dirisha, godoro, machozi. Muuguzi wa zahanati alisema wenye kiharusi hulia ovyo, wasitishike. Basi Spoki akawa anafungua na kufunga, anamfuta machozi, anamwambia "Haya baba, haya," na moyoni anajiona binti mwema.

Sasa, akiwa ameshika spana namba kumi mkononi, alielewa. Nje ya dirisha lile, ng'ambo ya mto mkavu, ndiko kulikokuwa na mitego. Mzee hakutaka hewa. Alikuwa akisema: nendeni mkaitegue. Wiki sita alisema, na hakuna aliyemuuliza.

Alifunga duka mchana kweupe, kitu ambacho hakijawahi kutokea, akaenda nyumbani. Mama yake alikuwa uani anapepeta mchele.

"Mama, ule waya ni wetu."

Mama hakuuliza waya gani. Ungo ulisimama hewani, halafu ukaendelea.

"Nyamaza."

"Kishanga nilitia mwenyewe, mama. Kwa mkono huu."

"Nimesema nyamaza. Kuta zina masikio na jirani zetu wana zaidi." Akaweka ungo chini. "Kobe ametega kabla wewe hujazaliwa. Kama hana hili ana jingine. Hao wakimfunga hawakosei, wanachelewa tu."

"Lakini hili si lake."

"Na baba yako je? Wakamchukue alivyo? Huko atageuzwa na nani? Atalishwa na nani uji? Atapata vidonda vya mgongo ndani ya wiki moja, afe kama..." Akaishia hapo. Alikuwa karibu kusema kama mnyama.

"Na Mama Mafagio?"

"Mama Mafagio nimemwosha mimi," mama alisema kwa sauti ya chini. "Usinitajie. Nimemshona sanda nikiona mbavu zake. Ukisema, atarudi? Sema kama atarudi nami nitakwenda kusema kabla yako."

Spoki alivua viatu mlangoni. Aliingia chumbani kwa baba yake.

Mzee alikuwa macho. Hawakuwa wamemwambia habari ya msiba. Walipokwenda kuzika walimwambia wanakwenda harusini, na kwa kuwa walirudi na macho mekundu, bila shaka alijua harusi ile ni ya namna gani. Spoki akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Baba. Ile mitego bado iko porini?"

Jicho la kushoto likafumba, likafumbua. Ndiyo. Mkono wa kushoto ukainuka, vidole vitano, kisha viwili. Mdomo ukatetemeka kwa kitu kilichofanana na shukrani, na shukrani ile ilimchoma Spoki kuliko kitu chochote siku ile.

"Sikuelewa, baba. Nisamehe. Nilidhani unataka upepo."

Akamwambia yote. Nyati, mguu, majani, jina la aliyekufa. Alipolitaja jina mzee alitoa sauti ambayo Spoki hakuwahi kuisikia, si kilio, ni kama mtu aliyebeba gunia akalitua ghafla. Akamwambia na habari ya Kobe.

"Ijumaa wanamfunga. Nifanye nini, baba? Nipe ishara."

Akasubiri. Alikuwa mtu wa kusubiri, alilelewa kwenye duka la kusubiri. Lakini mkono wa kushoto haukuinuka. Mzee aligeuza uso wake ukutani, polepole, kwa shida, sentimita baada ya sentimita, mpaka Spoki akabaki anatazama kisogo. Huyu ni mtu aliyekuwa na sheria kwa kila kitu. Kwa hili hakuwa nayo. Au aliogopa tu, kama watu wote.

Kesho yake Spoki alikwenda kituo cha askari wa wanyamapori akiwa na chupa ya chai. Mlinzi alimjua, akampitisha. Kobe alikuwa amekaa sakafuni nyuma ya nondo, kifua wazi, anajikuna goti.

"Lo, Spoki wa Polepole!" alisema. "Umeniletea chai? Mimi nilidhani watu wa kwenu mnakunywa na watu safi tu."

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Imetiwa sukari?"

"Imetiwa."

Alikunywa kikombe kizima kabla ya kusema tena. "Ule waya nimeuona. Walinionyesha. Mimi napiga fundo, binti yangu, sina muda wa kuremba. Mtego wenye shanga ni wa mtu anayependa kazi yake."

"Uliwaambia?"

"Nimewaambia mara tatu. Baba yako mdogo ananisikiliza vizuri kabisa, kisha anachungulia ndani ya kofia yake kana kwamba kuna mtu humo." Akacheka, kicheko kikavu. "Mkuki kwa nguruwe mtamu. Mimi sijilizi, mengine niliyoyafanya yananitosha. Ila jambo moja linaniudhi. Miaka yote baba yako akikutana nami njiani anatema mate pembeni. Mimi natega mia, nauza. Yeye anatega saba, anakula. Haya. Nenda kamuulize Mama Mafagio, akuonyeshe tofauti."

Spoki alichukua kikombe. Akakifuta kwa kanga.

"Mzee, mnyama akifia kitanzini, hukuwahi kumwonea huruma?"

Kobe alifikiri kweli kweli. "Mwanzoni," alisema. "Halafu ukila, inapita. Hata ninyi si mlikula ikapita?"

Ofisi ya Baba Mdogo ilikuwa mlango wa tatu: meza, kabati la chuma, na kwenye kona rundo la nyaya zilizokusanywa porini, refu mpaka kiunoni. Waya ule, bado ndani ya gazeti, ulikuwa mezani peke yake. Spoki alisimama. Hakukaribishwa kiti na hakukitaka.

"Baba mdogo, nilikudanganya jana."

"Najua."

"Ni wa kwetu. Baba aliutega kabla hajaanguka, kishanga nimetia mimi."

"Najua, Spoki." Alikuwa ametoa kofia, anaizungusha mikononi. "Nilijua palepale tulipoukata mguuni, wenzangu wamesimama. Nilikuja kwako ili uniambie uongo. Uliponiambia, nikashukuru Mungu. Nikaenda zangu nikala vizuri."

Akaiweka kofia mezani, kando ya waya.

"Kila Jumapili," Baba Mdogo alisema tena. "Kila Jumapili nilikula pale kwenu, na siku hata moja sikuuliza mbuzi huyu kachinjiwa wapi. Miaka kumi na minane nakamata watu. Unajua kwa nini sikuwahi kupita ng'ambo ya mto mkavu kwenye doria? Nilijipangia upande mwingine. Mimi mwenyewe, kwa kalamu yangu." Akainua macho. "Kobe anastahili kufungwa. Hilo si uongo."

"Basi mfungeni kwa mitego yake mia. Hii saba ni yetu."

"Ndugu yangu ni mgonjwa, Spoki."

"Na mitego yake bado ni mizima, baba. Sita bado iko kule. Kesho wanawake wa mafagio wanarudi kukata. Leo tunabishana hapa, labda kuna kitanzi kimeshanasa mguu mwingine."

Hilo ndilo lililomwinua. Aliandika maelezo ya Spoki kwa mkono, kurasa mbili, Spoki akaweka sahihi, na yeye Baba Mdogo akaongeza ya kwake chini, mistari michache, bila kumwonyesha. Mashtaka ya kifo yangeondoka kwa Kobe. Mzee angebaki kitandani mpaka hakimu aseme neno lake. Spoki naye angeitwa. Baba Mdogo hakusema litakalompata yeye mwenyewe. Alichukua tu ufunguo wa gari.

Mitego ile haikuwa na alama. Mtegaji mwingine huvunja tawi au hukwangua gome. Fundi Polepole hakuacha hata kovu, maana alama humwongoza askari, na askari alikuwa mdogo wake. Ramani yote ilikuwa kichwani mwake. Kwa hiyo ilibidi aende mwenyewe.

Mama hakupinga tena. Alimvisha mumewe shati safi, akamfunga vifungo mpaka cha juu, kama mtu anayepelekwa kupiga picha, kisha akaingia ndani akafunga mlango.

Gari lilipokomea mto mkavu, Baba Mdogo alichuchumaa, na Spoki akampandisha baba yake mgongoni mwa mdogo wake. Walikwenda hivyo, mmoja amembeba mwenzake, mkono wa kushoto ukitoka begani na kuonyesha: kule. Pale. Kushoto kidogo. Spoki alifuata na koleo. Ndugu wale hawakutazamana, wasingeweza, lakini Spoki aliona jinsi shavu la mkubwa lilivyolala juu ya shingo ya mdogo.

Kitanzi cha kwanza kilikuwa kitupu. Spoki aliukata waya, akauweka ndani ya mfuko. Cha pili kilikuwa na mifupa ya pongo, ngozi imekauka juu yake kama nguo iliyosahaulika kambani. Cha tatu kilikuwa kwenye njia ya wanyama, hakikuwepo. Palikuwa na kigingi kimeng'oka nusu, na ardhi ikiwa imechimbuliwa duara zima kwa kwato. Nyati alizunguka hapo muda mrefu kabla waya haujakatika. Spoki akamalizia kuking'oa kigingi.

Cha nne kilikuwa na paa. Hakuwa amekufa siku nyingi, labda jana. Jike. Chuchu zilikuwa zimejaa, na kando yake majani yalikuwa yamelazwa mahali padogo, mahali pa mwili mdogo uliolala ukisubiri, kisha ukaondoka au ukachukuliwa. Fundi Polepole, ambaye katika sheria zake zote iliyokuwa ya kwanza ni kwamba jike mwenye mtoto haguswi, alitazama pale. Baba Mdogo alitaka kupita haraka. Mzee alimvuta sikio kwa mkono wa kushoto, asimame. Alitaka kuona. Alitazama mpaka akaridhika, kama kuna kuridhika katika jambo la namna ile, ndipo akaachia.

Cha tano, kitupu. Cha sita, unyoya na harufu.

Cha saba, mkono ulionyesha kichaka cha miiba. Spoki akaingia, akatafuta, akatoka na michubuko. Hakuna. Mkono ukaonyesha mteremko. Wakashuka. Hakuna. Ukaonyesha mti uliopinda, kisha mwingine, kisha ukarudi kwenye kichaka kile kile cha kwanza. Jua lilikuwa utosini. Shati la Baba Mdogo lilikuwa limelowa lote.

"Kaka," alisema kwa upole. "Ni wapi?"

Mkono ukabaki hewani, unatafuta. Kisha vidole vikajikunja, na mkono ukashuka. Kiharusi kilikuwa kimechukua mguu, mkono, ulimi, na mtego mmoja.

Walitafuta mpaka alasiri. Wakarudi na mzee amelala mgongoni, au amefumba macho tu.

Spoki hakwenda nyumbani. Alishukia penye uwanja wa wanawake wa mafagio, ambapo majani yaliyokatwa wiki iliyopita yalikuwa yametandazwa yakauke. Walikuwa wanne, miguu wameinyoosha, wanafunga. Sehemu aliyozoea kukaa Mama Mafagio walikuwa wameiacha wazi, hakuna aliyeweka hata fungu la majani.

"Karibu, Spoki," alisema wifi wa marehemu, mkubwa wao. "Umeleta baiskeli?"

"Nitaileta. Shikamooni."

Aliwaambia akiwa amesimama. Kwamba waya ulikuwa wa kwao. Kwamba hakuwa Kobe. Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini hakuna aliyemwambia apaze. Mmoja wao, kijana wa rika lake, alitupa fagio alilokuwa akifunga, akasimama, akaondoka bila viatu. Mwingine akasema, "Na mlikuja kuzika. Mama yako alimwosha," akasema tena, "alimwosha," kana kwamba mara ya kwanza haikutosha.

"Mmoja hatujauona," Spoki alisema. "Baba amesahau alipoutega. Tutautafuta kila siku, lakini msiende ng'ambo ya mto. Ndilo lililonileta. Msiende, tafadhali."

"Upande gani wa ng'ambo?"

"Sijui, shangazi. Wote."

Wifi wa marehemu aligeukia majani yaliyotandazwa uwanjani. Yalikuwa machache, kazi ya siku tatu, labda nne, na majani ya fagio huota ng'ambo tu. Akaokota uzi wake, akaumalizia kwenye fagio lililokuwa mapajani, akaukaza kwa meno.

"Sasa tukakate wapi?" aliuliza.

Hakuuliza kwa hasira. Alitaka kujua. Wote watatu walimtazama Spoki, wakisubiri, na Spoki akasimama pale mbele yao na mfuko wa nyaya mkononi.